Kijiji Kilichojua Swali la Ishirini na Saba

Deventer, 9 Novemba 1978

Shangazi Ymkje,

Shikamoo. Huku tu wazima, isipokuwa Baba. Ameumwa na bata wa jirani na sasa anataka bata na jirani wote wawili washtakiwe. Mama anashukuru kwa soksi. Kwamba moja ni ndefu kuliko mwenzake hakusema yeye, nimepima mimi. Ni ugonjwa wa kazi.

Kazi yenyewe inaendelea vizuri. Mwaka wa pili huu niko Taasisi ya Upimaji, na mwezi uliopita swali langu la kwanza lilikubaliwa. La hesabu. Siwezi kukuambia ni lipi, wala linahusu nini, wala kama ni refu au fupi. Lakini limekubaliwa, na Dakta Quispel, mkuu wangu, alilisoma mara mbili wakati wa chakula na kuacha mkate wake ukauke.

La maana ni hili. Shule yako imechaguliwa kwa kura kuwa moja kati ya shule arobaini tutakakojaribia maswali mapya ya darasa la mwisho. Kura ilipigwa mbele ya mashahidi wawili, wala mimi sikuwepo. Maswali ni sitini. Waambie watoto wasiogope: hawapimwi wao, yanapimwa maswali.

Masharti ni makali kidogo. Bahasha usiifungue kabla ya saa tatu asubuhi ya siku yenyewe. Usisome karatasi. Wakati watoto wanaandika, tembea kati ya madawati ukitazama juu. Wakimaliza, funga, piga lakiri, rudisha. Watoto waahidi kutolisema swali lolote kwa mtu, nawe utatia sahihi kiapo kwamba hukuona, hukuuliza, na hutauliza.

Najua wewe huhitaji kiapo. Ni utaratibu tu.

Mwanao,
Renske


Aldewier, 20 Novemba 1978

Mwanangu Renske,

Marahaba. Mwambie kaka yangu bata hashtakiki. Mwaka wa arobaini na moja pia aliumwa na bata, na kosa lilikuwa lake. Kuhusu soksi, miguu ya mama yako ndiyo hailingani. Niliona siku ya harusi yao nikanyamaza mpaka leo.

Jaribio lako limefanyika juzi. Watoto ishirini na watatu, wote waliamka wazima, hata Hiltsje Bouma, ambaye hujua kujumlisha siku za jua tu. Nilitembea nikitazama dari kama nilivyoagizwa. Nimegundua inavuja mahali pawili, kwa hiyo Serikali imeshapata faida ya kwanza ya mtihani wako. Nilijikwaa kwenye mkoba mara tatu. Watoto walicheka, nikawaambia ni sehemu ya jaribio.

Mahali fulani katikati, darasa zima lilianza kutabasamu. Sikuuliza. Nimeapa, na mimi nikiapa huwa nimeapa.

Umekonda kwenye ile picha. Kula.

Shangazi yako,
Ymkje Tjallinga


Deventer, 11 Januari 1979

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Baba na bata wamepatana. Sasa anamlisha mkate. Mama anasema hajawahi kulishwa yeye kwa upole ule.

Naandika kwa shida kidogo, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali. Unakumbuka kila Agosti huko vijana wanavyoruka mitaro kwa ule mti mrefu? Basi kazi yetu ni hiyo. Kila swali ni mtaro, kila mtoto ni mrukaji. Kanuni yetu hupima vyote viwili kwa rula moja: upana wa mtaro na nguvu ya mrukaji. Mrukaji dhaifu akifika mtaro mpana, yumkini atalowa. Hodari, yumkini atavuka. Hatusemi hakika, tunasema yumkini, lakini tunaweza kutaja yumkini kiasi gani mpaka tarakimu tatu baada ya nukta. Ndicho tunacholipwa.

Sasa katika maswali sitini lipo moja, la ishirini na saba, ambalo ni mtaro mpana kupita yote. Nchi nzima, kati ya watoto kumi wanavuka watatu. Kwako, Shangazi, wamevuka ishirini na mmoja kati ya ishirini na watatu. Hata mtoto namba kumi na tisa, ambaye katika maswali mengine hamsini na tisa alipata manane.

Tena walioanguka ni wawili tu, namba nane na namba kumi na tano. Na hao ndio wanaoongoza darasa lako kwa kila kitu kingine.

Kompyuta yetu ni kubwa kama zizi la Babu na haina hisia, lakini ilipofika hapo ilitoa karatasi yenye nyota tatu za onyo. Dhaifu wanaporuka mtaro mpana na hodari wanazama, maana yake kuna mtu ameweka ubao wa kuvukia. Ndivyo anavyosema Dakta Quispel.

Je, kuna ubao? Muulize hata mtoto mmoja tu. Muulize Hiltsje.

Renske


Aldewier, 18 Januari 1979

Renske,

Marahaba.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Nimefungua rejista. Namba kumi na tisa ni Hiltsje. Namba nane ni Machteld, binti wa mchungaji. Namba kumi na tano ni Olivier wa daktari wa mifugo. Hao wawili nikipiga chafya wananiambia nimepiga mara ngapi tangu Jumatatu. Kwa nini wameanguka palipovuka kijiji kizima, sijui.

Unaniuliza kwa nini watoto wangu wamejua jambo, lakini umekatazwa kuniambia ni jambo gani. Mimi nimeapa kutouliza. Tumekuwa kama ng'ombe wawili waliofungwa mkia kwa mkia, kila mmoja anaambiwa aeleze sura ya mwenzake.

Miaka thelathini na minne nimekuwa nikilaumiwa kwa sababu watoto hawajui. Leo nalaumiwa kwa sababu wanajua. Ni mabadiliko, sikatai.

Hiltsje sitamuuliza. Ameahidi kutosema, nami ndiye niliyemfundisha maana ya kuahidi, na ni mojawapo ya vitu vichache alivyoshika. Siwezi kumvunjia hicho ili niokoe shingo yangu.

Ubao hakuna. Mwambie dakta wako.

Shangazi yako


Deventer, 2 Februari 1979

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani ni wazima. Bata amekufa, Baba hataki tuliongelee hilo.

Nilimwambia Dakta Quispel kwamba ubao hakuna. Akaitazama karatasi ya shule, kisha akanitazama mimi.

"Tjallinga," akasema. "Mwalimu mkuu ni Tjallinga. Nawe ni Tjallinga. Ni jina la kawaida huko kaskazini?"

"Lipo," nikasema.

"Kama Jansen?"

"Si kama Jansen."

"Ni nani wako?"

"Shangazi."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Kwa hiyo," akasema, "mwenye funguo za ghala ni mpwa wa panya."

Nilimwambia wewe si panya. Akasema kanuni haijali nani ni panya, inajali nafaka. Sasa ni hivi, na nakuandikia wazi kwa sababu una haki ya kujua: isipopatikana sababu kabla ya mwisho wa Aprili, shule yako inaingia kwenye orodha ya matokeo yasiyoaminika, na orodha inapelekwa kwa mkaguzi wa wilaya. Mkaguzi akithibitisha, utaondolewa darasani. Miaka miwili kabla ya pensheni.

Nitakuja kwenye siku yako ya kuzaliwa. Sitauliza kitu nawe usiniambie kitu. Nataka tu kuja.

Renske


Aldewier, 26 Februari 1979

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe mbili imefika jana. Imepita ilikopita theluji, ambayo ni kila mahali. Siku nane hatukuona barabara wala ua, na mkate ulikuja kwa trekta. Jirani yangu Klaske alichimba njia kutoka mlangoni kwake mpaka kwangu, akafika, akasema, "Nilitaka kuona kama umekufa," akarudi.

Pole kwa bata. Mwambie kaka yangu nimelia kidogo, hata kama si kweli.

Hayo mengine nimeyaelewa. Sina la kuongeza. Njoo tarehe kumi na saba, Jumamosi, saa nane mchana. Kutakuwa na mkate wa sukari, na supu ya njegere kwa watakaobaki. Usilete zawadi, isipokuwa kama umeshanunua.

Ymkje


Aldewier, 20 Machi 1979

Renske,

Kwanza, je, umefika salama? Skafu yako iko hapa. Pia kipande cha mkate wa sukari ulichokiuma mara moja, ila hicho nimempa kuku.

Nieleze, maana nimefikiri nikashindwa. Ulikuja vizuri. Ulizunguka duara la viti ukawapongeza watu wote kumi na wanne kwa kuwa mimi nimezaliwa, kama inavyopasa. Ulikula supu mapema kwa sababu ya safari. Kisha ukaenda chooni saa nane na dakika arobaini. Ukatoka saa nane na dakika hamsini na nane. Mimi sikupima, alipima Klaske kwa saa ya ukutani, na wengine wakathibitisha.

Dakika ya kumi, mzee Durk wa bendi ya kijiji akasema, "Mjini wanafundishwa kukaa."

Klaske akasema, "Mwacheni, labda huko ndiko anakofikiria."

"Dakika kumi na tano? Anafikiria nini, Biblia nzima?"

Dakika ya kumi na sita tukasikia umecheka, mara moja tu, kama mtu aliyebanwa kidole. Ukatoka mweupe kama maziwa yaliyotolewa siagi, ukasema unawahi treni. Treni ilikuwa saa kumi na moja. Ulikwenda kuisubiri stesheni kwa muda wa saa mbili, kwenye baridi, bila skafu.

Kama ni supu, sema. Watu wengine watatu waliila na sasa wananitazama.

Shangazi yako


Postikadi, Deventer, 23 Machi 1979

Shangazi, shikamoo. Supu haina kosa. Waambie hao watu watatu. Nitaandika. R.


Aldewier, 3 Aprili 1979

Renske,

Uliahidi kuandika. Labda posta.

Sikuandikii kukuomba kitu. Nakuandikia kukuarifu hali ya hewa. Kuna jua, mvua kidogo, na mkaguzi wa wilaya atafika tarehe thelathini saa tatu asubuhi. Barua yake ilipitia kwa kamati ya shule, kwa hiyo kijiji kilijua kabla yangu. Jumapili mchungaji alihubiri juu ya mizani ya udanganyifu, akitazama dari. Nami najua mtu anapotazama dari huwa ameagizwa.

Klaske bado ananisalimia, lakini sasa anaanza kwa kusema, "Mimi sijali." Mama yake Hiltsje alinisimamisha dukani. Akasema, "Mwalimu, kama ulimwonyesha jibu, mimi sina kinyongo, ni mara ya kwanza kupata." Huyo ndiye anayenitetea.

Nimeanza kutoa vitu vyangu kwenye kabati la darasa. Sio kwa hasira. Ni vingi, na nisingependa kuvitoa mkaguzi akiwa amesimama.

Skafu nimeifua.

Ymkje


Deventer, 10 Aprili 1979

Shangazi wangu,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, na kama ningekuwa nazo ningezitumia kuchelewesha hii.

Swali la ishirini na saba ni langu. Ndilo lile la kwanza lililokubaliwa. Na si langu.

Chooni kwako, mkabala na anayekaa, kuna kalenda ya siku za kuzaliwa, ile isiyo na mwaka, ya kuandikia majina, ambayo haiishi. Ile ile iliyokuwepo nilipokuwa nakuja likizo kila kiangazi, mpaka nilipofika miaka kumi na miwili. Chini ya kila mwezi kuna fumbo, na kwa kuwa ilikuwa siku yako, ilikuwa imefunuliwa Machi. Chini ya jina lako, Shangazi, na la marehemu mjomba wa Durk, imeandikwa hivi: Mwuza nyama hukata soseji vipande vinne kwa sekunde sita. Atakata vipande saba kwa sekunde ngapi? Na jibu limechapishwa kichwa chini: kumi na mbili.

Kwa sababu vipande vinne ni mikato mitatu, na vipande saba ni mikato sita. Hodari anayezidisha haraka hupata kumi na nusu, akaanguka.

Mimi niliandika seremala anakata ubao mrefu vipande vinne kwa sekunde sita. Nilikaa mezani wiki mbili nikiamini nalibuni. Hata nilishangaa lilivyokuja lenyewe. Nilikuwa kama mwizi aliyeiba baiskeli, akaipaka rangi, akasahau kubadili kengele. Namba zote tatu zipo. Nilikaa pale dakika kumi na nane nikitafuta tofauti.

Nimekaa kimya wiki tatu, na sababu haipendezi. Dakta Quispel ameandika kurasa kumi na moja juu ya swali hilo. Atazisoma Copenhagen mwezi wa Juni mbele ya wapimaji wa nchi tisa. Kwenye ukurasa wa pili anasema mwandishi wake ana akili isiyoigika. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko inavyofaa. Kisha ikaja barua yako ya kabati.

Jana nilimwendea wakati wa chakula. Nikasema, "Dakta, swali la ishirini na saba liko chooni kwa shangazi yangu."

Akatafuna mpaka akamaliza. "Limeandikwa ukutani?"

"Limechapishwa. Kwenye kalenda. Nadhani kijiji kizima kinayo."

"Unadhani."

"Bendi yao iliiuza nyumba kwa nyumba. Watoto wamelisoma tangu walipojua kusoma. Mimi pia."

Nilingoja anifukuze. Badala yake akauliza, "Vyoo vingapi?"

"Sijui."

"Basi hujaniambia kitu. Una choo kimoja. Choo kimoja ni hadithi. Niletee vyoo vyote, na uniambie kuhusu namba nane na kumi na tano. Kama wana kalenda na bado walianguka, shangazi yako ana kesi."

Kwa hiyo hii hapa ni fomu. Kiapo chako kimeondolewa kwa maandishi, sahihi yake iko chini. Tunahitaji kila nyumba: ipo au haipo, na kama ipo, inaonekana na aliyekaa au haionekani. Na tunaihitaji kabla ya mkaguzi.

Nisamehe. Au usinisamehe sasa, fanya fomu kwanza.

Renske


Aldewier, 19 Aprili 1979

Mwanangu Renske,

Marahaba. Nimefanya fomu kwanza.

Siku tatu nimetembea na baiskeli. Watoto ni ishirini na watatu, nyumba ishirini na mbili, maana mapacha wa Postma wana choo kimoja. Nimeingia vyote na nimekaa katika vyote, kifuniko kikiwa chini, kwa sababu safu yako ya pili inataka jicho la aliyekaa na mimi si mtu wa kukisia. Kwa akina Postma nilipewa chai nikiwa humo.

Klaske naye nilimpima, ingawa hana mtoto, maana angenuna.

"Serikali inataka kujua nini chooni kwangu?" akauliza.

"Kama una kalenda."

"Na karatasi?"

"Hakuna safu ya karatasi."

"Basi hawajui kazi yao," akasema, akanifungulia.

Matokeo ni haya. Nyumba kumi na tisa: ipo, inaonekana. Kwa mchungaji: haipo. Ukuta mweupe mtupu. Mkewe anasema mumewe anaamini shughuli hiyo iwe fupi. Walikuja miaka miwili iliyopita, bendi haikuwauzia. Kwa daktari wa mifugo: haipo, kuna picha kubwa ya farasi aliyepasuliwa, na viungo vyake vimepewa namba. Muulize Olivier wengu wa farasi uko wapi, atakuambia akiwa usingizini. Hao ndio namba nane na namba kumi na tano.

Imebaki nyumba moja, ya akina Bouma. Ipo, lakini iko nyuma ya kichwa cha aliyekaa. Haionekani. Hapo niliona kesi imenirudia, kwa sababu Hiltsje alipata. Nilikaa pale nikajipinda shingo mpaka ikalia. Haionekani kabisa. Nikatoka nikamwita.

"Hiltsje," nikasema, "sasa nimeruhusiwa kuuliza. Ulilijuaje la vipande saba?"

"Liko chooni, mwalimu. Walibadilisha soseji tu."

"Lakini liko nyuma yako."

"Kwa wengine," akasema. "Mimi hukaa nikitazama ukuta. Kuna mahali pa kuweka mkate."

Fomu yako haikuwa na safu ya hilo. Nimeichora kwa rula. Mama yake ametia sahihi kama shahidi, na amekiri hakuwa anajua.

Sasa niseme langu, maana wewe umesema lako. Mwaka wa hamsini na moja bendi ilitaka kuuza kalenda ili inunue tuba, lile tarumbeta kubwa. Chini ya kila mwezi palibaki nafasi. Walitaka kuweka aya za Biblia, lakini mchungaji wa wakati ule akauliza zitaning'inia wapi, wakamwambia, akakataa. Basi wakamwendea mwalimu kijana wa darasa la chini wakamwomba mafumbo kumi na mawili. Mwalimu huyo alikuwa mimi. La soseji nililitunga dukani nikisubiri zamu, nikimtazama baba yake Klaske akikata.

Kwa hiyo swali ni langu. Sikulitambua kwa sababu ulinikataza nisilisome, nami nikatii.

Sina hasira. Nilikuwa nayo Jumatatu, njia nzima ya kwenda kwa daktari wa mifugo, kisha upepo ukageuka. Mwambie Dakta Quispel nimefurahi kusikia nina akili isiyoigika. Ingawa wewe umeiiga.

Shangazi yako,
Ymkje


Deventer, 4 Mei 1979

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mkaguzi hakuja, wala hatakuja. Najua unajua, lakini nataka kuliandika. Jina la shule yako halimo kwenye orodha. Kwenye ripoti, palipo na safu ya chanzo cha kutolingana, Dakta Quispel ameandika neno moja: choo. Mwandishi wake wa mashine alimrudishia akidhani amekosea, Dakta akamwambia apige hivyo hivyo.

Fomu yako ameibandika ukutani. Ile safu uliyoichora aliitazama muda mrefu, akasema, "Huyu mwanamke amepima hata kosa la kipimo." Kwake hiyo ni kama kukupigia magoti.

Kuhusu mimi: sikufukuzwa. Sitaandika maswali mpaka Septemba, napanga kadi za kompyuta chumba cha chini, ambako kuna joto na redio. Na kila mtunga maswali sasa lazima atie sahihi tamko kwamba, kwa kadiri ya ufahamu wake, swali lake halijatundikwa mahali popote alipowahi kukaa. Wenzangu wananiita Soseji. Nastahili.

Kurasa kumi na moja zitakwenda Copenhagen. Amebadili kichwa cha habari na ukurasa wa pili, na sasa zinahusu jinsi swali zuri linavyoweza kupima kitu kisichokusudiwa. Mtaro ulikuwa mpana kweli, anasema, ila haukuwa unapima hesabu. Ulikuwa unapima bendi iliuza nyumba zipi.

Jambo la mwisho, nakuambia kwa sababu utauliza. Swali limefutwa. Tumepima upya kwa yale hamsini na tisa. Shule yako ni ya kumi na tisa kati ya arobaini. Si hodari, si dhaifu. Ya kawaida kabisa, mpaka tarakimu ya tatu.

Mwanao,
Renske


Aldewier, 16 Mei 1979

Mwanangu,

Marahaba. Ya kumi na tisa. Nilidhani tungekuwa ya ishirini na tano, kwa hiyo usiwe na huruma katika mwandiko wako.

Nimerudisha vitu vyangu kwenye kabati. Vilikuwa vimebebeka vikitoka, vikirudi havikuingia vyote. Mchungaji alikuja mwenyewe, akanywa vikombe viwili, na kabla ya kuondoka akauliza kwa sauti ndogo kama kalenda bado zinapatikana. Machteld hamwachi alale.

Nimewaambia watoto kwamba swali limefutwa, na kwa nini. Kisha Hiltsje akainua mkono.

"Mwalimu, nilijua jibu?"

"Ulijua."

"Na halihesabiki kwa sababu nilikuwa nimeshajua?"

Nikasema ndiyo, karibu hivyo. Akafikiri. "Basi wanataka mtu ambaye hajui, halafu ajue pale pale?"

Miaka thelathini na minne nimefundisha, na hilo halina jibu kichwa chini. Nilimwambia atoke akacheze.

Lakini alinifikirisha. Huyu mtoto nimemwekea sehemu za namba ubaoni miaka miwili, kwa chaki ya rangi, na hazimo. Karatasi moja iliyoning'inia nyuma ya kichwa chake imemwingia mpaka akageuka kuifuata. Basi nimekwenda kwa mzee Durk. Bendi inahitaji ngoma mpya. Kalenda mpya itachapwa Agosti, miezi kumi na miwili, na nafasi chini ya kila mwezi nimeiomba yote. Itakuwa tayari kabla ya jaribio lenu la mwaka ujao.

Nikuambie nimepanga kuweka nini?

Shangazi yako,
Ymkje


Postikadi, Deventer, 19 Mei 1979

Shangazi, shikamoo. Usiniambie. Nikijua sitaweza kutia sahihi lile tamko. Ila nakuomba kwa ajili ya elimu: usitundike nyumba zote. Piga kura, nusu ipate mpya, nusu ibaki na soseji. Na mchungaji asiuziwe, hata akilia. Tunahitaji angalau choo kimoja kisichojua kitu. R.